Bia ya pilipili, na lile neno 'kali'

Wiki mbili zilizopita nilionja bia ya pilipili kwa mara ya kwanza maishani. Sisemi bia ya kuteremshia mshikaki wenye pilipili, hiyo tumeizoea. Hii ni bia ambayo pilipili yenyewe imetiwa wakati wa kuitengeneza, ikakaa humo mpaka ikatoa kila ilichokuwa nacho. Binamu yangu hufanya kazi melini, na kila akirudi Mtwapa haji mikono mitupu. Safari hii alitoa begini chupa moja ya mililita 330 kutoka kiwanda kidogo cha ng'ambo, akaiweka mezani, akaniambia: "Kaka, jihadhari. Hii ni kali."

Msomaji usiyekunywa, na Pwani hii mko wengi, usiondoke. Ninachotaka kukieleza kinahusu zaidi neno hilo alilolitumia binamu yangu kuliko bia yenyewe, na neno hilo linatuhusu sote.

Kwanza nikwambie ilivyokuwa. Rangi yake ni ya chai ya rangi iliyokolea kidogo. Povu lilikuwa jembamba na halikukaa, kwani mafuta ya pilipili huvunja povu la bia. Harufu ndiyo iliyonishangaza. Ilinukia kama pilipili mbuzi iliyokatwa sasa hivi, ile harufu tamu ya tunda ambayo mtu huisahau kwa sababu ulimi huwahi kuungua. Funda la kwanza halikuwa na neno. Baridi, shayiri, uchungu kidogo wa hopsi. Nikamtazama binamu yangu kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Nilipomeza ndipo moto ulipowaka, si ulimini bali kooni, ukapanda polepole hadi masikioni. Funda la pili likaukuta wa kwanza haujazimika. Machozi yakanitoka. Nikaomba maji, nayo hayakufaa kitu. Aliyeniokoa ni shemeji, aliyeingia jikoni akaja na bilauri ya maziwa mala, huku akicheka.

Shemeji hakusoma kemia, lakini alifanya jambo sahihi. Kinachochoma katika pilipili ni kitu kiitwacho kapsaisini, nacho hakiyeyuki vizuri katika maji. Huyeyuka katika mafuta na katika kileo. Maji huupooza mdomo kwa dakika moja tu, moto ukabaki palepale. Maziwa yana mafuta na protini zinazoikamata kapsaisini na kuiondoa ulimini, na ndiyo maana mchuzi wa tui unaweza kubeba pilipili nyingi bila kukuumiza sana.

Tena, kuwashwa na pilipili si ladha. Utamu, uchachu, chumvi na uchungu ni ladha. Pilipili ni maumivu. Mishipa ya fahamu ya mdomoni ina vipokezi vya joto ambavyo kazi yake ni kutuonya tunapotia kinywani kitu cha moto, kuanzia nyuzi 43 hivi. Kapsaisini huvigusa vipokezi hivyo hivyo, ubongo ukaambiwa kwamba kinywa kinaungua ilhali hakuna kinachoungua. Aliyekigundua kipokezi hicho, David Julius wa Marekani, alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian.

Sasa tia bia katika hesabu hiyo. Kileo huitoa kapsaisini kwenye pilipili na kuisambaza katika kinywaji kizima. Mwaka 1912 mfamasia Wilbur Scoville alipotaka kupima ukali wa pilipili, aliiloweka katika kileo kwa sababu hiyo hiyo. Kisha kileo chenyewe huvifanya vipokezi vile viwe vyepesi kushtuka, hata joto la kawaida la mwili likaanza kuhisiwa kama moto. Ongeza gesi ya bia, ambayo nayo hukereza ulimi kwa namna yake. Pilipili ile ile ambayo ungeila kwenye samaki wa kupaka bila kujali, ndani ya bia inaweza kukutoa jasho.

Wazo lenyewe la kutia viungo katika bia si la ajabu kama lilivyoonekana kwetu pale barazani. Kabla hopsi hazijaenea Ulaya, watengenezaji bia walitumia majani na viungo vya kila aina. Ubelgiji mpaka leo kuna bia nyeupe ya Hoegaarden, ambayo hutiwa mbegu za giligilani na maganda ya machungwa. Aina hiyo ilikuwa imeshakufa katika mji huo mpaka Pierre Celis, aliyewahi kuwa muuza maziwa, alipoifufua mwaka 1966. Wameksiko hunywa bia yenye ndimu, chumvi na pilipili, wakaiita michelada. Na Marekani, jimbo la Arizona, ilitokea bia iliyoitwa Cave Creek Chili Beer, ambayo kila chupa ilikuwa na pilipili nzima inayoelea ndani. Sisi tunaokula embe bichi kwa chumvi na pilipili pale Mama Ngina tuna haki gani ya kushangaa?

Pilipili yenyewe ni mgeni aliyepata uraia. Asili yake ni bara la Amerika, na ilienea huku baada ya Wareno kuingia Bahari ya Hindi, safari iliyomfikisha Vasco da Gama Mombasa na Malindi mwaka 1498. Waswahili walikuwa tayari na pilipili nyingine, ile nyeusi ya kutoka India. Mgeni alipofika akapewa jina la mwenyeji, na mwenyeji ndiye aliyelazimika kuongezewa jina akawa pilipili manga.

Narudi kwa binamu yangu na 'kali' yake. Katika lugha yetu kisu ni kikali, jua ni kali, mbwa ni mkali, pilipili ni kali, na pombe ni kali. Mtu akikuuliza, utamwelewa papo hapo. Lakini kwenye kinywaji neno hili moja hubeba mambo mawili yasiyohusiana, yaani linavyochoma na linavyolevya, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Chupa iliyonitoa machozi ilikuwa na kileo cha asilimia 5. Mililita 330 kwa asilimia 5 ni mililita 16.5 za kileo halisi. Chupa ya kawaida ya Tusker ni mililita 500 kwa asilimia 4.2, yaani mililita 21. Tusker hamtoi mtu machozi, lakini ndiyo iliyobeba zaidi. Kipimo kimoja cha mililita 30 cha vileo tunavyoviita vikali, vya asilimia 40, ni mililita 12 tu. Anayesema "mimi sinywi kali, nakunywa bia mbili tu kisha naendesha" ameshakunywa mililita 42, na kifaa cha polisi barabarani hakiulizi zilichoma au hazikuchoma. Upande wa pili, chupa ya Stoney Tangawizi inakereza koo hasa, na haina kileo hata tone.

Mnazi unalionyesha jambo hili vizuri zaidi kuliko chupa yoyote. Mgema akiushusha asubuhi ni mtamu. Chachu iliyomo humo hugeuza sukari kuwa kileo saa baada ya saa, na jioni kule mangweni wazee watakwambia umeshakuwa mkali. Hapo wako sahihi. Lakini ukiuacha siku kadhaa, vijidudu vingine huanza kukigeuza kile kileo kuwa asidi, na mwishowe unapata siki ya kutilia kachumbari. Hakuna mnazi unaochoma kuliko siki, na hakuna usiolevya kuliko huo.

Kama jambo hili lingeishia kwenye mzaha wa barazani nisingelichukulia nafasi hapa. Mitaani kwetu utawasikia vijana wakisifu kinywaji cha bei rahisi kwa jinsi kinavyowachoma koo: "hii ni kali, hii ni yenyewe." Wanaichukua ile kuchoma kama cheti cha ubora. Muuzaji asiye na huruma anahitaji nini zaidi? Tangawizi, pilipili au kemikali yoyote inayokereza itampa sifa hiyo. Na kilicho hatari zaidi hakichomi kwa namna ya pekee. Methanoli, kileo cha viwandani kinachoua, haitofautiani na kileo cha kawaida kwa ladha wala harufu kiasi cha ulimi kuigundua. Mwezi Mei 2014 makumi ya watu walikufa Embu, Kiambu na kwingineko baada ya kunywa pombe yenye methanoli. Februari 2024 vifo vikatokea tena Kirinyaga. Waliokunywa walikuwa na ndimi nzima kama zako na zangu.

Mbaya zaidi, methanoli haikuumizi pale pale. Mtu hulewa kama kawaida, akalala, akaamka akidhani ana uchovu wa pombe. Mara nyingi dalili huja baada ya saa 12 hadi 24: kichwa kuuma sana, tumbo, kutapika, kuhema haraka, na macho kuona ukungu au mwanga mweupe. Macho yakianza kufifia baada ya kunywa, usimpe maziwa, usimpe ndimu, wala usimwache alale kwanza. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, kwani dawa ya kuizuia sumu hiyo ipo na hufanya kazi zaidi ikiwahi. Mwambie daktari alikunywa nini, wapi na saa ngapi, na kama chupa imebakisha chochote, ibebe.