Siku 60 za kudai deni: ngao ya mdai au mlango wa mdaiwa?

Bei ya sukari na unga hutazamwa kila wiki, lakini ipo bidhaa moja ambayo wafanyabiashara wengi hawaipigii hesabu: deni la mteja asiyelipa. Chukulia mwenye duka la jumla mjini Nakuru aliyetoa mali kauli ya Sh 400,000, naye fedha za kununulia mzigo huo alizikopa kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Kila mwezi deni hilo humla Sh 8,000. Kesi ikichukua miaka mitatu, riba peke yake imefika Sh 288,000, na wakili bado hajalipwa. Ikichukua miezi miwili ni Sh 16,000.

Kwa ajili ya watu kama huyo, Kenya ilitunga Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo, Namba 2 ya mwaka 2016. Sheria ilikaa kwenye makaratasi miaka mitano. Mahakama ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, Aprili 2021, kisha nyingine zikafuata katika miji mbalimbali. Kikomo cha madai, ambacho awali kilikuwa Sh 200,000, kilikuwa kimepandishwa hadi Sh milioni 1 mwaka 2020. Bila nyongeza hiyo wenye maduka ya jumla wasingekuwa na haja nayo.

Mahakama hiyo hupokea madai ya bidhaa na huduma zilizouzwa, fedha zilizoshikiliwa na mtu mwingine, mali iliyoharibiwa na fidia ya majeraha. Migogoro ya ardhi, ya kazi na ya kuchafuliwa jina haimo. Anayesikiliza ni mwamuzi, wakili mwenye uzoefu usiopungua miaka mitatu. Yeye hafungwi na kanuni ngumu za ushahidi, hivyo hati ya kupokelea mzigo na ujumbe wa simu vinaweza kutazamwa bila mabishano marefu. Pande zote zikikubali, shauri linaweza kuamuliwa kwa nyaraka tu. Kesi husikilizwa siku hiyo hiyo au siku kwa siku, uamuzi hutolewa si zaidi ya siku tatu baada ya kusikilizwa, na shauri zima linatakiwa liishe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa.

Hapo kwenye siku 60 ndipo ubishi ulipozuka.

Sheria inasema siku 60, lakini haisemi kitatokea nini zikipita. Mafaili yalipoongezeka, baadhi ya hukumu zilitoka zikiwa zimechelewa, nao wadaiwa walioshindwa wakakimbilia Mahakama Kuu wakidai kwamba hukumu ya siku ya 61 si hukumu. Majaji wakagawanyika. Wapo walioamua kwamba muda ukiisha mwamuzi hana tena mamlaka, na alichoandika ni batili. Wengine walisema kipindi hicho ni agizo la kuharakisha kazi tu, na si haki mwananchi aadhibiwe kwa uzembe usio wake. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 159, inataka haki isicheleweshwe na pia isizuiwe na taratibu za kiufundi.

Kwa mdai huu si ubishi wa mawakili pekee. Rufaa kutoka mahakama hii huruhusiwa kwa hoja za kisheria tu, na suala la muda ni hoja ya kisheria hasa, kwa hiyo mdaiwa asiye na utetezi wowote kuhusu deni lenyewe anapata mlango wa kutokea. Aidha, sheria inasema uamuzi wa Mahakama Kuu katika rufaa hiyo ni wa mwisho. Maana yake ni kwamba hakuna njia rahisi ya kulifikisha jambo Mahakama ya Rufani ili majaji wapewe msimamo mmoja. Kanuni iliyowekwa kumlinda mwenye duka inaweza kumnufaisha aliyemdhulumu, tena kadiri mahakama inavyolemewa ndivyo inavyomnufaisha zaidi. Dawa ya kweli ni Bunge kuandika wazi matokeo ya kuchelewa.

Hadi hapo, saa ni ya kuchungwa na mdai mwenyewe. Inaanza kuhesabu siku ya kufungua shauri, si siku mdaiwa anapofikishiwa hati. Mdai anayefungua kesi kabla ya kujua mdaiwa anapatikana wapi, au biashara yake imesajiliwa kwa jina gani, anazitumia siku zake kumtafuta mtu. Kuomba kesi iahirishwe kwa sababu shahidi amesafiri nako ni hatari, hata pale mwamuzi anapokubali.

Jambo jingine husahaulika. Siku 60 huishia kwenye hukumu, haziishii kwenye fedha. Mshindi asiyelipwa lazima atumie dalali wa mahakama kukamata mali, au aombe amri juu ya akaunti ya mdaiwa benki. Vyombo vya kazi vya mdaiwa vina kinga ya kisheria, na mali iliyoandikwa jina la mke au ndugu huleta kesi nyingine juu ya kesi. Wauzaji wa jumla waliokwisha kuumia siku hizi huuliza mambo mawili kabla mzigo haujapakiwa: jina kamili lililo kwenye cheti cha usajili, na benki ambako mnunuzi anaweka mauzo yake.