Spika aliyepiga magoti mbele ya mfalme



Januari 4, 1642, Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza aliingia katika ukumbi wa Bunge, Westminster, huku askari wake wenye silaha wakingoja mlangoni. Alikuja kuwakamata wabunge watano aliowatuhumu kwa uhaini, wakiwamo John Pym na John Hampden. Hakuwakuta. Walikuwa wamedokezwa mapema, wakaondoka kwa mashua katika Mto Thames.

Mfalme akamwuliza Spika, William Lenthall, watu hao wako wapi. Spika alipiga magoti. Kisha akajibu kwa unyenyekevu kwamba mahali pale hakuwa na jicho la kuona wala ulimi wa kusema, isipokuwa kama Bunge lilivyomwelekeza. Mfalme akatoka mikono mitupu.

Tutazame goti lile pamoja na jibu lile. Goti lilimheshimu mfalme. Jibu lililinda wajibu aliokabidhiwa. Mtume Petro anatufundisha kumheshimu mfalme (1 Pet 2:17), na ni Petro huyohuyo aliyeliambia Baraza kwamba Mungu hutiiwa kuliko wanadamu (Mdo 5:29).

Ugomvi ule haukuzaliwa siku moja. Charles aliamini mamlaka yake yametoka kwa Mungu, hivyo hapaswi kuhojiwa na mtu. Tangu 1629 hadi 1640 alitawala bila kuitisha Bunge, akitoza kodi ambazo wabunge hawakuziridhia. Aliwaita tu alipohitaji fedha za kupigana na Waskoti. Tunamkumbuka Rehoboamu, mwana wa Solomoni: watu walimwomba awapunguzie mzigo, akapuuza ushauri wa wazee, na makabila kumi yakamwacha (1 Fal 12).

Hata hivyo, tusimtupie lawama mmoja peke yake. Juni 1642 Bunge nalo lilimpelekea masharti 19 ambayo yangemwachia taji bila mamlaka. Akayakataa. Kila upande ulisoma Biblia, na kila upande ulidai Mungu yuko nao.

Agosti 22 mfalme alisimamisha bendera yake ya vita mjini Nottingham. Aliyeibeba, Edmund Verney, aliuawa Oktoba 23 katika mapigano ya Edgehill. Mwanawe, Ralph, alikuwa mbunge wa upande wa pili. Ndivyo ilivyo vita ya wenyewe kwa wenyewe: hupasua hata meza ambayo baba na mwana walilia chakula pamoja. Januari 30, 1649, Charles mwenyewe alikatwa kichwa mbele ya watu wake.

Wapendwa, wengi wetu hatutasimama kamwe mbele ya mfalme. Lakini sote tuna mahali tunapoongoza au kuongozwa: nyumbani, katika jumuiya ndogondogo, katika halmashauri ya parokia. Anayeongoza ajiulize: ni lini mara ya mwisho nilisikiliza hadi mwisho neno lisilonipendeza? Anayeongozwa naye ajiulize: ninapokataa, heshima yangu iko wapi? Heshima isiyo na ukweli ni woga. Ukweli usio na heshima ni kiberiti kwenye nyasi kavu.

Kama yupo mtu wa nyumbani mwako au wa jumuiya yako ambaye hamsemezani, usingoje yeye aanze. Leo, baada ya Misa, nenda kwake. Sikiliza kwanza, ndipo useme.

Dominika njema.