Siku mbili kabla ya kufika

Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Juma hili tuzungumze juu ya watu kumi walioingia katika giza hilo mchana kweupe, na juu ya watatu kati yao waliojitenga zikiwa zimebaki siku mbili tu safari iishe.

Ilikuwa tarehe 24 Mei, 1869, magharibi ya Marekani. John Wesley Powell, mwalimu wa jiolojia aliyepoteza mkono wake wa kulia vitani mwaka 1862, aliondoka Green River, Wyoming, akiwa na wanaume tisa, mashua nne na chakula cha miezi kumi. Nia yao ilikuwa kushuka mto Green hadi mto Colorado, kisha kupita ndani ya Grand Canyon, korongo lenye kina cha zaidi ya kilomita moja na nusu. Katika ramani za Serikali sehemu hiyo ilikuwa karatasi tupu.

Tupu kwa nani? Wahavasupai, Wahualapai, Wahopi na Wapaiute waliijua nchi hiyo tangu enzi za mababu. Hata Wahispania wa kwanza kufika ukingoni, mwaka 1540, waliongozwa na Wahopi. Kilichokosekana ni ramani ya mto wenyewe.

Hatari ya mto ule ni mawe. Mvua kubwa husomba miamba kutoka mabonde ya pembeni na kuimwaga mtoni. Maji yakibanwa hapo huvurumishwa kwa kasi ya kutisha. Isitoshe, mpiga makasia huketi akikipa kisogo kule aendako. Ndiyo maana, palipokuwa na nafasi ukingoni, walifunga mashua kwa kamba wakaishusha taratibu.

Mwanzoni mwa Juni mashua moja ilivunjika mwambani. Watu watatu waliokuwemo waliokolewa, lakini chakula kingi kilipotea. Powell alihangaikia zaidi vipimahewa, ambavyo kwa bahati mbaya vyote vilikuwa humo. Watu wawili walihatarisha maisha kuvifuata, wakavipata.

Kwa nini vifaa hivyo vilikuwa na thamani kiasi hicho? Kipimahewa huonyesha uko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Walikoanzia palikuwa na mita zaidi ya 1,800, na kimo cha kule waendako kilikadiriwa. Kwa hiyo kila walipopima walijua mto umebakiza kushuka kiasi gani. Wasichojua ni kama utashuka polepole au kwa mara moja, kwenye maporomoko yasiyopitika.

Mwezi Julai mmoja wao aliacha safari. Kufikia tarehe 27 Agosti, mashua zilikuwa tatu, watu tisa, na chakula cha siku chache. Mbele yao maji yalinguruma vibaya kuliko yote waliyoyaona. Oramel Howland alimsihi Powell waache mto. Usiku ule Powell alipima nyota, akakadiria kuwa mlango wa mto Virgin, kwenye makazi ya watu, uko kilomita 72 kwa mstari ulionyooka, lakini huenda 140 kwa kufuata mto.

Asubuhi Oramel, mdogo wake Seneca na William Dunn walipanda ukuta wa korongo kwa miguu. Wenzao sita waliacha mashua moja ufukoni, wakajitosa, na baada ya dakika chache walikuwa salama. Tarehe 30 Agosti walifika mto Virgin, wakakuta watu wakivua samaki. Wale watatu hawakuonekana tena. Mwaka ufuatao Powell aliambiwa kwamba waliuawa na Wapaiute waliowadhania wauaji wa mwanamke mmoja, habari ambayo hadi leo ina wabishi.

Msikilizaji, ni rahisi kuwaita waoga. Lakini walikuwa wamevumilia mto uleule kwa miezi mitatu, na hesabu ya Powell waliisikia. Kilomita 140 za maji yasiyojulikana, kwa unga wa siku chache, si jambo dogo. Kama wangejua kwamba korongo linaishia mwendo wa siku moja mbele, nani angepanda ule ukuta?

Mwaka 1871 Powell alirudi mtoni, na kazi ya msafara huo wa pili ikazaa ramani. Waliopita baadaye walijua kona inayofuata ina nini. Tukiikunjua ramani, tuwakumbuke na wale waliohitaji kuiona kabla haijachorwa.