Ukifanya Mazingaombwe, Jiandae na Makosa

Ndugu msomaji, je, umewahi kuona mazingaombwe? Bila shaka umeyaona, shuleni au kwenye sherehe. Karatasi inageuka noti. Yai linatoka sikioni. Watoto wanapiga makofi.

Siku moja, hapa Bumbuli, kijana mmoja alikuja kutuburudisha baada ya mkutano wa wakulima. Alisema, "Nitaichoma karatasi hii, kisha mtaiona nzima." Akawasha kiberiti. Hakikuwaka. Akajaribu njiti ya pili, na ya tatu. Ukungu wa milima yetu ulikuwa umekilowesha kiberiti mfukoni. Watu walicheka, wakaanza kuondoka. Kijana alitokwa jasho wakati wa baridi.

Kijana yule alikuwa anaujua mchezo wake. Lakini hakujiandaa na kosa.

Mkulima wa kabichi haoteshi miche inayotosha mashimo tu. Huotesha na ya ziada, kwa sababu anajua kuwa mingine itakufa. Mfanya mazingaombwe naye afanye hivyo.

Vijana, shikeni mambo haya:

1. Chukua kila kitu viwili. Kiberiti cha pili kiweke ndani ya kopo lenye kifuniko.

2. Usitangaze mapema utakachofanya. Watazamaji wasipojua mwisho wa mchezo, hawatajua kuwa umeharibika.

3. Uwe na mchezo mwingine tayari. Karatasi ikikataa, cheka, kisha toa kamba.

4. Usimgombeze msaidizi wako mbele ya watu. Mtasemezana baadaye.

Lakini yako makosa ambayo hayatengenezeki.

Mwaka 1918, Mmarekani William Robinson alikuwa akifanya mazingaombwe mjini London, Uingereza. Jukwaani alijiita Chung Ling Soo. Alijulikana sana kwa mchezo wa kudaka risasi. Bunduki zake zilikuwa na siri: baruti ililipuka katika bomba la chini, na risasi ikabaki ndani ya mtutu. Mchezo huo aliufanya kwa miaka mingi. Polepole bunduki ikachakaa, baruti ikapenya hadi kwenye mtutu. Tarehe 23 Machi risasi ilitoka kweli, ikampiga kifuani. Alifariki siku iliyofuata.

Ndugu msomaji, sisi hatuchezi na bunduki. Lakini wako vijana wanaojaza mafuta ya taa mdomoni ili wateme moto. Usijaribu! Mafuta hayo, hata kidogo, yakiingia mapafuni yanaweza kuua.

Je, mtu akimeza mafuta ya taa tufanye nini? Msimtapishe. Akitapika, mafuta yanaweza kuingia mapafuni. Mpelekeni hospitali mara moja.

Na mtu akiungua? Kwanza zimeni moto. Kisha mwagieni mahali palipoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Msimpake dawa ya meno wala mafuta. Halafu mpelekeni hospitali.

Kwa hiyo, kabla ya kila mchezo jiulize: "Ukiharibika, nini kitatokea?" Kama jibu ni kuchekwa, andaa mchezo wa pili, uendelee. Kama jibu ni kuumia, uache. Watoto watafurahia yai na kamba vile vile.

Tahadhari kabla ya hatari.