Moshi wa kuchomelea na uzazi wa fundi

PLAU ya mkulima ikivunjika, au geti la duka likihitaji bawaba, anayetafutwa ni fundi wa kuchomelea. Kazi hiyo inalisha familia nyingi, lakini moshi wake unaweza kugusa hata uwezo wa fundi kupata watoto.

Huo si moshi wa kuni. Ni chuma kilichogeuka mvuke kwa joto kali, kikakutana na oksijeni na kuganda kuwa chembe za oksidi ya chuma, manganizi au zinki. Chembe nyingi hazifiki nanomita 100, yaani ukizipanga 10,000 hazitimizi milimita moja. Hupenya hadi ndani ya mapafu, na baadhi huingia kwenye damu.

Katika maabara, panya dume waliopewa chembe za oksidi ya zinki kwa wingi walipungukiwa mbegu. Hata hivyo, zinki kidogo iliyomo katika nyama na maharage huhitajika mwilini ili mbegu zitengenezwe. Tatizo ni wingi na njia ya kuingia.

Kwa binadamu matokeo yanapishana. Utafiti wa Denmark wa mwaka 1990 ulikuta ubora wa mbegu za mafundi umeshuka. Mwingine wa mwaka 1998 haukuona tofauti. Joto la kazi nalo linaweza kuchangia. Lisilo na ubishi ni saratani: mwaka 2017, wataalamu wa shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa waliuweka moshi huo kwenye kundi la visababishi.

Mafundi wengi hunywa maziwa wakiamini yanaondoa sumu. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni, na moshi huenda mapafuni. Kitambaa puani nacho hakizuii chembe hizo.

Kinga ni kuchomelea mahali penye hewa, upepo ukipeleka moshi mbali na uso, kukwangua zinki kwenye mabomba na mabati kabla ya kuchoma, na kuvaa barakoa yenye kichujio. Nguo za kazi zisilaliwe.

Mbegu huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, hivyo faida ya kujikinga haionekani kwa wiki moja. Na mtoto akichelewa, mume na mke wapimwe wote wawili. Mke asibebeshwe lawama kabla ya majibu ya hospitali.