Je, Wajua? Choo Kinapovuja Kimyakimya

Je, wajua kwamba choo cha kukaa kinaweza kuvuja mwezi mzima na sakafu ikabaki kavu? Maji yanachuruzika kutoka kwenye tangi, yanateremkia ndani ya bakuli, yanaishia shimoni. Wa kwanza kujua ni mlipa bili.

Uvujaji wa robo lita kwa dakika, yaani kikombe cha chai tu, ni lita 360 kwa siku. Simtanki la lita 1,000 linakauka kabla siku ya tatu haijaisha, hata kama nyumba nzima mmesafiri. Kwenye bili ni karibu uniti 11 kwa mwezi.

Una pampu inayojiwasha yenyewe? Ikinguruma usiku wa manane na hakuna aliyefungua bomba, usikimbilie kumwita fundi umeme. Tega sikio chooni kwanza.

Je, wajua kwamba rozela ni kifaa cha fundi bomba? Mimina rozela nzito (au rangi ya chakula) ndani ya tangi, kisha mtu yeyote asiflashi kwa nusu saa. Maji ya bakuli yakipata rangi, mpira wa chini ya tangi haufungi tena.

Penseli nayo inatosha. Chora mstari ndani ya tangi pale maji yalipofika, funga koki ndogo iliyo ukutani, subiri nusu saa. Maji yakishuka chini ya mstari, na nje ya tangi pamekauka, tatizo ni mpira huohuo. Yakibaki palepale, mkosaji huenda ni koki ya kuingizia maji: haikati, tangi linajaa kupita kiasi, na ziada inamwagikia kwenye bomba lililosimama katikati. Ni majibu mawili tofauti yenye vipuri viwili tofauti, ndiyo maana sipendi fundi anayeanza kwa kusema "tununue seti nzima" kabla hajafunua tangi.

Mpira huo unauawa na nini? Vidonge vya klorini vinavyotumbukizwa kwenye tangi ili choo kinukie, kwanza kabisa. Halafu chembe za mchanga, na chumvi ya maji ya kisima inayoganda pale mpira unapokalia. Kabla ya kununua mwingine, ufute na kiti chake kwa kitambaa chenye siki. Wakati mwingine unapona hapohapo.

Je, wajua kwamba Uingereza ilikataa mpira wa aina hii kwa miongo mingi? Hadi 2001 kanuni za huko zilidai tangi la saifoni, ambalo maji hayatoki mpaka yavutwe juu yapite kona. Likichakaa, linagoma kuflashi, lakini halivuji.

Thomas Crapper, fundi bomba wa London anayesifiwa kwa kuvumbua choo cha kuflashi, hakukivumbua. Mwandishi John Harington alikieleza kitabuni mwaka 1596.

Tukirudi kwenye matengenezo: nati za chini ya tangi kaza kwa mkono, kisha ongeza kidogo tu kwa spana. Tangi la kauri likipasuka haliungwi.

Na boya la zamani, lile tufe la plastiki? Lifungue ulitikise sikioni. Ukisikia maji yanacheza ndani, limetoboka: haliwezi tena kuelea na kufunga koki.