CHAJA YA BETRI: USINUNUE KWA MACHO

Leo ningependa tuzungumze juu ya kifaa ambacho wengi wetu hatukijali mpaka kiharibike. Nacho ni chaja ya betri, yaani kile kisanduku kinachogeuza stima ya ukutani, volti 240, iwe ya kuingia kwenye betri ya volti 12.

Kwetu stima ipo, lakini hupotea jioni bila kubisha hodi. Ndiyo maana baba alinunua betri kubwa ya kuwasha taa na televisheni. Sisi wanafunzi wa shule za kutwa twajua thamani ya taa saa tatu usiku! Chaja yetu ilipokufa, nilitumwa mjini kununua nyingine. Nikachagua ya bei nafuu, nzito, yenye taa nyekundu ya kupendeza. Haikupita miezi mitatu, betri ikavimba mbavu kama aliyeshiba maharagwe. Mama akaniuliza, "Mwanangu, ulinunua chaja ama jiko?" Muhula mzima nikasomea koroboi. Ama kweli, rahisi ni ghali.

Baada ya kujuta, nilimwendea fundi wa betri na mwalimu wetu wa Fizikia. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, soma maandishi yaliyo mgongoni mwa chaja. Hapa Kenya stima ni volti 240. Marekani ni volti 120. Huko kuna magari ya safari yaliyo na vitanda na jiko ndani, nayo hubeba chaja kama hizi. Ukiletewa moja na shangazi aliye ng'ambo, na imeandikwa 120 peke yake, usiichomeke! Itatoa moshi kabla hujasema "asante".

Pili, jua ukubwa wa betri. Yetu ni ya ampea-saa 100, yaani inaweza kutoa ampea 5 kwa saa 20. Kwa betri za kawaida za risasi na asidi, chaja inayotoa sehemu moja ya kumi, yaani ampea 10, inafaa. Lakini kumbuka kwamba stima ikiwapo, chaja hiyohiyo huilisha betri na pia taa na televisheni. Kama vyombo hivyo vinakula ampea 3, jumla ni 13. Basi tafuta chaja ya ampea 15. Ya ampea 4 haitaijaza betri kabla stima haijapotea tena, na iliyo kubwa mno huichemsha.

Tatu, na hapa ndipo nilipoteleza, uliza kama chaja inajua kupunguza. Mtu akijaza mtungi, mwanzoni humimina kwa nguvu, kisha polepole, mwishowe hudondoshea tu kidogo. Chaja nzuri hufanya vivyo hivyo. Hupandisha mpaka kama volti 14.4, na betri ikijaa hushuka hadi kama 13.5. Ile yangu haikujua kushuka. Ilisukuma usiku na mchana, maji ya ndani yakageuka gesi, na kwa kuwa betri yetu ni ile isiyofunguliwa, hatukuweza kuongeza mengine.

Nne, jua aina ya betri. Ya maji, isiyofunguliwa, na ya lithiamu hazili chakula kimoja. Ya lithiamu inataka chaja iliyoandikwa kuwa ni yake.

Mwisho, usalama. Betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka. Basi iweke penye hewa, mbali na koroboi na jiko. Unganisha nyaya kabla ya kuwasha swichi, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi.

Baba alinunua betri nyingine baada ya kuuza mahindi magunia kadhaa. Safari hii nilienda dukani na karatasi yenye maswali yangu. Muuzaji alinuna kidogo, lakini aliyajibu yote. Kuuliza si ujinga, wenzangu. Usiku huu stima imepotea tena, nami naandika makala haya chini ya taa yetu.

Naweka kalamu chini nikiwatakia masomo mema.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu